UVIMBE WA SHINGO: TUUJUE KABLA YA KUUKATA



Katika safu yetu ya leo tutazungumza, Insha'Allah, juu ya uvimbe wa shingo, na hasa ule uvimbe wa nadra unaoota juu ya mshipa mkubwa wa damu. Tumeuchagua kwa sababu wengi wetu tukiona donge shingoni hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunalificha kwa mtandio au kola ya shati mpaka linakuwa kubwa, ama tunakwenda kwa mtu wa karibu alipasue, alichome au alichanje. Yote mawili yana hatari, na la pili linaweza kumuua mtu siku hiyo hiyo.

Shingo ni fupi, lakini imebeba mambo mazito. Ndani yake inapita njia ya hewa, njia ya chakula, uti wa mgongo, mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na mishipa ya fahamu inayoendesha sauti, ulimi na kumeza. Humo humo kuna tezi ya thairoidi na matezi madogo mengi ambayo Mwenyezi Mungu ameyaweka kuwa walinzi wa mwili. Kila kimoja katika hivi kinaweza kuvimba, na kila kimoja kina tiba yake. Kwa hiyo swali la kwanza si "nani atanikatia?" bali ni "hiki ni kitu gani?"

UVIMBE ULIO WA KAWAIDA KWETU

Tuanze na ule unaoonekana mara nyingi, ili tuweze kuutofautisha na ule wa nadra.

Wa kwanza ni matezi yanayovimba kwa sababu ya maradhi ya jirani: jino bovu, koo, kidonda cha kichwani, mapunye ya watoto. Haya huuma, na huanza kupungua maradhi yale yanapotibiwa. Tezi ambalo limekaa zaidi ya wiki mbili bila kupungua linahitaji kupimwa.

Wa pili ni kifua kikuu cha matezi. Watu wengi wanadhani kifua kikuu lazima mtu akohoe. Sivyo. Mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo, bali akaota matezi ubavuni mwa shingo, yakashikamana kama zabibu, na baadaye yakapasuka na kutoa usaha usiokauka. Pengine anapata homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Tiba yake ni vidonge vya miezi sita, vinatolewa bure katika vituo vya serikali, wala si kisu. Anayeyachana matezi haya kwa wembe humwachia mgonjwa kidonda cha muda mrefu, na maradhi yanabaki mwilini. Mwenye matezi ya namna hii apimwe pia virusi vya UKIMWI, maana maradhi haya mawili hufuatana mara nyingi.

Wa tatu ni goita, ambayo wengine huiita rovu. Hii hukaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na hupanda juu mtu anapomeza mate. Sababu kubwa ya goita katika nchi yetu ilikuwa upungufu wa madini joto, hasa kwa watu wa milimani na nyanda za juu, na ndiyo maana tangu miaka ya 1990 serikali imetilia mkazo chumvi yenye madini hayo. Hata hivyo si kila goita ni ya chumvi. Donge moja gumu linalokua upesi, au goita iliyoambatana na sauti kukwama, inaweza kuwa saratani.

Wa nne ni uvimbe wa kuzaliwa nao. Mtoto mchanga anaweza kuwa na mfuko laini wa maji ubavuni mwa shingo. Mwingine anaweza kuwa na donge katikati, ambalo hupanda juu akitoa ulimi nje. Huu hauna uhusiano wowote na jicho la hasadi wala na alichokula mama wakati wa mimba. Ni maumbile, na mabingwa wana njia zake za kuutibu.

Wa tano ni saratani iliyotoka mahali pengine, kama vile mdomoni, kooni au nyuma ya pua, ikashuka kwenye matezi ya shingo. Mzee anayevuta sigara au kutumia ugoro, akaota donge gumu lisilouma, asifurahie kwamba haliumi. Saratani nyingi mwanzoni haziumi.

UVIMBE UNAODUNDA

Sasa tuje kwenye ule wa nadra. Weka vidole viwili ubavuni mwa shingo yako, chini ya taya, na utasikia mdundo. Huo ni mshipa wa karotidi, unaopeleka damu kichwani. Juu kidogo, mshipa huu unagawanyika kama panda ya mti. Tawi moja linakwenda kwenye ubongo na jingine kwenye uso. Hapo kwenye panda, Mwenyezi Mungu ameweka kitu kidogo chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kazi yake ni kuonja damu na kuupa mwili habari hewa safi inapopungua, ili mtu aongeze pumzi. Corneille Heymans, mwanasayansi wa Ubelgiji, alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kazi iliyoonesha namna vyombo kama hiki vinavyoongoza upumuaji.

Punje hii ikiota uvimbe, uvimbe huo hukua polepole kwa miaka mingi. Kwa kawaida hauumi. Una damu nyingi kupita kiasi, na umeshikamana na ukuta wa mshipa mkubwa. Wengi wao si saratani, ingawa wachache hugeuka kuwa saratani na kusambaa. Huonekana zaidi kwa watu wanaoishi kwenye milima mirefu sana, kama ile ya Amerika ya Kusini, ambako hewa ni nyepesi na punje hii inafanya kazi kubwa wakati wote. Baadhi ya watu huurithi katika ukoo, nao wanaweza kuupata pande zote mbili za shingo.

Dalili zake za nje ni hizi. Uko chini ya pembe ya taya, ubavuni. Ukiugusa taratibu, unasukumika kwenda mbele na nyuma, lakini haukubali kusukumwa kwenda juu wala chini, kwa sababu umefungwa kwenye mshipa. Mara nyingi unadunda sambamba na moyo. Tunasema kuugusa taratibu kwa makusudi, maana kuukandamiza kwa nguvu kunaweza kushusha mapigo ya moyo na mtu akazimia.

Tuchukulie mfano wa mkulima wa hapa kwetu Mazinde mwenye donge kama hilo kwa miaka minne. Haliumi, halimzuii kulima wala kula. Jirani anamwambia ni mafuta tu, na yupo fundi anayepasua majipu kwa wembe wa shilingi mia. Fundi yule akitia wembe, hatakuta usaha wala mafuta. Atakuta damu inayoruka, na hapo hakuna kitambaa, majivu wala kahawa itakayoizuia. Kabla gari halijafika Mombo, mtu huyu anaweza kuwa amekwisha fariki.

NENO LA TABIBU WA KIISLAMU

Hatari hii si jambo jipya lililogunduliwa na Wazungu. Karibu miaka elfu moja iliyopita, huko Andalusia, aliishi tabibu Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013 hivi. Aliandika kitabu kikubwa kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu thelathini, na ya mwisho ni ya upasuaji. Ndani yake ameeleza uvimbe mkubwa wa kooni, na akautenganisha. Kuna ule unaofanana na mfuko wa mafuta, na kuna ule unaotokana na mshipa wa damu. Ule wa kwanza, ukiwa mdogo na haukushikamana na mishipa, aliruhusu upasuliwe na kutolewa pamoja na mfuko wake. Ule wa pili aliukataza usiguswe kwa chuma, kwa kuwa ni hatari. Naye hakuacha hivi hivi, bali aliagiza uvimbe upimwe kwanza kwa chombo chembamba ili ijulikane uko namna gani.

Tazama, ndugu msomaji, mwanachuoni huyu hakuwa na mashine hata moja, lakini alielewa kanuni ambayo bado tunaifuata: kujua kwanza, kisu baadaye. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayejitia kutibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu ya tiba, atabeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Fundi wa wembe na ayazingatie maneno haya.

Hali kadhalika ndugu zetu wanaofanya hijama. Hijama ni tiba inayojulikana katika Sunna, lakini haina nafasi juu ya uvimbe usiojulikana, na hasa ubavuni mwa shingo. Akija mtu kwako na donge, mwelekeze hospitali kwanza.

UCHUNGUZI UNAVYOFANYIKA

Mgonjwa akifika kituoni, tabibu atamuuliza umeanza lini, unakua upesi au polepole, kuna homa, kukonda, kukohoa, shida ya kumeza, na kama kuna mtu katika ukoo aliyepata kitu kama hicho. Kisha atauangalia na kuushika, atachungulia mdomo na koo, na atapima shinikizo la damu. Kipimo hiki cha mwisho kina maana, kwa sababu uvimbe wa nadra tuliouelezea, mara chache, hutoa kemikali zinazopandisha shinikizo la damu na kuufanya moyo uende mbio.

Baada ya hapo ni kipimo cha ultrasaundi. Hakina maumivu wala mionzi. Kinaonesha kama uvimbe ni maji, ni nyama au ni mshipa, na chenye uwezo wa kuonesha mwendo wa damu kinabainisha kama uvimbe umejaa damu. Uvimbe wa karotidi huonekana umekaa katikati ya panda, umeyatenga matawi mawili ya mshipa kama mtu aliyeingiza ngumi katikati ya manati. Kwenye hospitali kubwa, picha ya siti skani itaonesha umefika wapi na umeuzunguka mshipa kwa kiasi gani.

Kwa uvimbe mwingi wa kawaida, daktari atachoma sindano nyembamba na kuvuta chembe chembe kidogo ili zipimwe. Sindano hii hufaa sana kwa kifua kikuu cha matezi na kwa saratani. Lakini kwa uvimbe unaodunda, picha hutangulia. Kukata kipande cha uvimbe wa namna hiyo ili kupima ni jambo la kuogopwa, kwa sababu ya damu. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa "tusubiri picha kwanza", asidhani anacheleweshwa. Huo ndio uangalizi wenyewe.

UPASUAJI WAKE

Historia ya upasuaji huu inafundisha. Mwaka 1880 daktari wa Ujerumani aitwaye Riegner alijaribu kuuondoa uvimbe wa karotidi, na mgonjwa wake hakupona. Mwaka 1886 Maydl aliuondoa, mgonjwa akaishi, lakini akapooza upande mmoja na kupoteza uwezo wa kusema, kwa kuwa mshipa wa kwenda ubongoni ulifungwa. Mwaka 1889 Albert wa Vienna alifaulu kuuondoa bila kuufunga mshipa. Tangu hapo madaktari walielewa kwamba lengo ni kuutoa uvimbe na kuuacha mshipa ukiwa mzima.

Mwaka 1971 Shamblin na wenzake huko Marekani waliugawa uvimbe huu katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni mdogo, unaobanduka kwenye mshipa kwa urahisi. La pili umeukumbatia mshipa kwa sehemu. La tatu umeuzunguka kabisa, na pengine hulazimu kukata kipande cha mshipa na kuweka kingine mahali pake. Hapa pana somo kubwa kwa wanaoficha uvimbe: anayewahi anaingia katika kundi la kwanza, na anayechelewa anajisogeza kwenye la tatu.

Upasuaji unafanyika mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi, na damu ya akiba imeandaliwa. Ndugu wa mgonjwa, msikimbie mnapoambiwa mchangie damu. Daktari bingwa huutafuta mshipa chini ya uvimbe na juu yake, huushika, kisha huubandua uvimbe pole pole, huku akiilinda mishipa ya fahamu inayopita hapo. Hatari zake ni kiharusi, sauti kukwama, ulimi kupinda na shida ya kumeza. Baadhi ya haya hupona baada ya wiki au miezi, mengine hubaki. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa yote haya kabla ya kutia saini, kwa lugha anayoielewa.

Si kila mwenye uvimbe huu lazima apasuliwe. Mzee mwenye maradhi mengine anaweza kufuatiliwa tu kwa vipimo, au kupewa mionzi. Na aliye nao pande zote mbili hafanyiwi kwa siku moja.

KISU SI TIBA YA KILA UVIMBE

Katika Afrika Mashariki yetu kuna mfano mashuhuri. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957 alianza kufuatilia uvimbe mkubwa wa taya uliowaua watoto, na mwaka 1958 aliandika habari zake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba uvimbe ule unapatikana sehemu za joto na mvua, ambako malaria ipo kwa wingi. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba uvimbe huo, ambao kisu kilishindwa kuumaliza, uliyeyuka kwa dawa za saratani. Mpasuaji mwenyewe aliweka kisu chini akashika dawa. Mzazi mwenye mtoto ambaye taya au shingo imevimba kwa kasi, siku baada ya siku, asisubiri hata wiki.

NJIA YA KUFUATA

Sisi wa Mazinde, Mombo na Korogwe hatuko mbali na msaada. Anzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya Magunga pale Korogwe, na ikibidi Bombo, Tanga. Uvimbe unaogusa mshipa mkubwa utahitaji mabingwa wa KCMC, Moshi, au Muhimbili, Dar es Salaam. Wenye saratani hupelekwa pia Taasisi ya Ocean Road kwa mionzi na dawa. Chukua barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, na picha zako zote za zamani. Wasio na uwezo wamuone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na misikiti yetu isisahau kwamba zaka na sadaka zina nafasi hapa.

Usisubiri ukiona mojawapo ya haya: uvimbe uliopita wiki mbili, ulio mgumu usiosogea, unaokua upesi, unaodunda, au ulioambatana na sauti kukwama, shida ya kumeza, kukonda au jasho la usiku. Anayeshindwa kupumua apelekwe saa hiyo hiyo.

TWAHARA NA STARA

Akina mama wengine huchelewa kwa kuona haya kufunua shingo. Dini yetu ni nyepesi. Haja ya tiba inaruhusu kufunua sehemu inayohitajika kwa kiasi kinachohitajika. Omba upimwe na mwanamke akipatikana, au awepo maharimu wako, lakini usiache kutibiwa.

Baada ya upasuaji, kidonda kisiloweshwe mpaka daktari aruhusu. Shingo si katika viungo vya faradhi vya udhu, kwa hiyo udhu unawezekana kwa uangalifu. Ama josho, bandeji ina hukumu zake za kupaka maji juu na kutayamamu, basi muulize sheikh wako. Sala haiachwi, na asiyeweza kusujudu ataashiria. Anayemeza dawa za kifua kikuu asiziruke kwa sababu ya Ramadhani. Azungumze na tabibu wake juu ya saa ya kumeza na kama mwili wake unamudu funga.

Wapo wanaosema uvimbe ukiguswa na chuma hutawanyika, na kwa hiyo bora uachwe. Ukweli ni kwamba wengi wanaofariki baada ya kupasuliwa walikwenda wakiwa wamechelewa, na lawama ikatupiwa kisu. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba, na kutufahamisha kwamba hakuna maradhi yasiyoteremshiwa dawa. Kutawakali ni kufunga ngamia kwanza. Basi leo, unapotia udhu au unapovaa mtandio, pitisha mkono wako shingoni, na shingoni mwa mtoto wako. Ukikuta donge, usilifiche na usilipeleke kwenye wembe. Lipeleke lijulikane.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu wote. Wabillahi tawfiq.